Nyumba Iliyokarabatiwa Kiangazi: Namna ya Kuikagua Kabla Mvua Haijakukagulia

Mbeya mvua huanza Novemba na kukata mwanzoni mwa Mei. Katika miezi hiyo fundi hufanya kazi kwa tabu: lipu haikauki, rangi haishiki, mchanga unafika umelowa. Ndiyo maana ukarabati mwingi husubiri kiangazi, Juni hadi Oktoba, na nyumba huingia sokoni ikiwa kavu kabisa. Bati linang'aa, kuta nyeupe, tailizi mpya mpaka barazani. Mnunuzi huipenda akiwa amesimama juani. Sasa, ugonjwa mkubwa wa nyumba za Nyanda za Juu Kusini ni maji, naye ameonyeshwa nyumba katika miezi ambayo maji hayapo.

Hatusemi kila muuzaji ni tapeli. Ila pesa ya kukarabati nyumba ya kuuza huenda kwenye vile vinavyotoka vizuri kwenye picha ambazo dalali anazituma WhatsApp: rangi, dari ya jipsamu, madirisha ya alumini, taa za kuzamisha. Msingi, linta, mabomba yaliyofukiwa ukutani, waya na shimo la maji taka havipigwi picha. Kwa hiyo ukienda kukagua, fuata maji. Yafuate tangu yanapogonga bati mpaka yanapoishia ardhini, na yale ya bombani mpaka yanapoingia shimoni. Ukimaliza safari hiyo utakuwa umepita karibu kila kitu chenye gharama kubwa.

Beba tochi yenye nguvu, bisibisi bapa, ngazi kama muuzaji hana, ndoo ya lita 20, mpira wa kumwagilia, kipande cha nailoni angavu na selotepu pana. Beba na gololi moja. Vaa nguo za kuchafuka. Jipe saa tatu, na uende mara mbili: mara moja mchana wa jua, mara nyingine jioni, majirani wakiwa wamerudi. Dalali atakwambia kuna mteja mwingine anakuja kesho na pesa mkononi. Mteja huyo huwa yupo kila nyumba.

Panda darini kwanza

Watu huanza sebuleni kwa sababu mlango uko huko. Wewe anza darini. Kule juu hakuna anayepaka rangi kwa ajili ya mteja.

Kama dari mpya haina tundu la kupandia, omba likatwe. Kipande cha sentimita 60 kwa 60 fundi wa jipsamu hukirudisha siku hiyohiyo, na unaweza kujitolea kumlipa wewe. Muuzaji akigoma hata kwa gharama yako, shusha bei kichwani kana kwamba paa lote ni la kubadilisha, kisha uone kama bado unaitaka.

Panda saa sita mchana. Funga tundu, zima tochi, tulia dakika mbili tatu macho yazoee giza. Kila msumari uliolegea na kila kutu iliyotoboa itaonekana kama nukta ya mwanga. Nukta chache kando ya kofia, lile bati linalofunika kilele cha paa, si janga, fundi mmoja atazimaliza kwa siku. Nukta zilizotawanyika paa zima maana yake bati limekwisha, na ile rangi ya mafuta nyekundu au ya kijani iliyopigwa juu yake imefunika kutu tu. Washa tochi uangalie upande wa chini wa bati: madoa ya kutu, matundu ya zamani yaliyozibwa kwa lami au silikoni, migongo isiyolaliana vizuri kwa kuwa bati limeng'olewa kwingine likahamishiwa hapa.

Ukiambiwa bati ni jipya, uliza geji. Geji 28 ni unene wa takriban milimita 0.4, geji 30 ni kama 0.3, geji 32 inakaribia 0.25. Namba ikipanda bati linapungua, na wapo wanunuzi wanaofurahi kusikia 32 wakidhani wamepata zaidi. Mabati mengi huchapwa geji na jina la kiwanda, kwa hiyo usitegemee mdomo, soma. Kwa Rungwe, Njombe au Mufindi, penye mvua nyingi na upepo, geji 32 ni bati la banda la kuku.

Halafu mbao. Tunaishi jirani na msitu wa kupandwa wa Sao Hill, mbao za mpaini hapa hazina uadimu wa kumlazimisha mtu kuacha kenchi mbovu. Zilizotiwa dawa huwa na ukijani unaofifia kadiri miaka inavyokwenda. Tazama ncha zilizokatwa: dawa mara nyingi haifiki kwenye kiini, na fundi asiyepaka dawa upya pale alipokata amewafungulia mchwa mlango. Choma kwa bisibisi sehemu tatu: mbao inayolala juu ya ukuta, mbao zilizo chini ya mfereji wa bati pale paa mbili zinapokutana, na ncha zinazoshika fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Mbao nzima hukataa. Iliyooza humeza bisibisi bila kelele. Vijinjia vya udongo vinavyopanda kwenye ukuta kuelekea kenchi ni mchwa. Unga mwororo juu ya dari chini ya mbao ni wadudu watoboaji, na ukiwa mweupe mbichi ujue wako kazini hadi leo.

Bati jipya juu ya kenchi nyeusi za zamani si kosa. Kenchi nzuri isiyoloa huishi miaka mingi. Jambo la kutafuta ni ukuta ulioondolewa. Fasheni ya sebule kubwa iliyoungana na sehemu ya kulia chakula imefanya kuta nyingi za kati zivunjwe, na katika nyumba za zamani kenchi zilikuwa zimeegemea kuta hizo hizo. Ukiwa darini, fuata kenchi kwa macho toka ukuta mmoja hadi mwingine. Kama nyumba ina upana wa mita 8 na ile nguzo fupi ya katikati inaning'inia au imekalia mbao iliyopigiliwa juzi, hapo palikuwa na ukuta. Kilichotakiwa ni boriti ya zege yenye nondo iliyokalishwa vizuri pande zote mbili, au kenchi kuundwa upya. Thibitisha ukiwa nje: simama mbali, tazama mstari wa kofia. Ukibonyea katikati, paa limeanza kushuka. Sebuleni utakuta ufa mwembamba kwenye dari, umezibwa, umerudi.

Doa la kahawia juu ya dari si lazima liwe la kuvuja. Usiku wa Juni na Julai, Mbeya na zaidi Njombe na Makete, bati hupoa kuliko hewa ya ndani, na mvuke wa jikoni na wa pumzi hugeuka umande chini yake ukadondoka. Umande huacha madoa madogo mengi yaliyosambaa. Kuvuja huacha doa moja lenye duara juu ya duara, na ukilifuata darini utaona mbao iliyobadilika rangi juu yake. La kwanza dawa yake ni kupitisha hewa darini na kuweka karatasi ya foili chini ya bati. La pili, kuziba au kubadilisha.

Paa la kuficha

Hili tulipe aya zake, kwa sababu ndiyo fasheni inayouza zaidi na ndiyo inayoleta kilio zaidi huku kwetu. Nyumba ya zamani yenye paa la mgongo huzungushiwa ukuta mfupi juu, bati linalala karibu bapa nyuma yake, na maji yanakusanywa kwenye mfereji wa ndani. Pichani nyumba inapendeza. Maji yake hesabu hivi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya milimita 50 kwa alasiri moja, na mvua ya namna hiyo si ngeni kwetu, ni lita 6,000. Paa la mgongo huzitupa nje ya ukuta pande zote. Paa la kuficha huzipitisha zote ndani ya mifereji miwili mitatu, juu ya kuta zako na juu ya dari yako. Majani ya mkaratusi wa jirani yakiziba tundu moja, maji hayana pa kwenda ila ndani.

Tukuyu, ambako mvua kwa mwaka huvuka milimita 2,000, paa la kuficha kwa nyumba ya kawaida ni uamuzi mbaya hata likijengwa vizuri. Uyole au Iringa mjini unaweza kulikubali kwa masharti. Mfereji uwe na mteremko unaoonekana, angalau sentimita 1 kwa kila mita. Mabomba ya kushushia maji yawe mawili au zaidi kwa kila mfereji, yenye upana usiopungua inchi 3. Pawe na tundu la dharura kwenye ule ukuta mfupi, chini ya usawa wa bati, ili mfereji ukiziba maji yamwagike nje. Juu ya ukuta huo pawe na kifuniko cha bati au zege chenye mteremko. Kisha panda na mpira wa maji, ziba tundu moja la bomba kwa tambara, jaza mfereji, subiri nusu saa, shuka uangalie dari na kuta. Muuzaji aliyejenga kwa haki hatakuwa na wasiwasi na jaribio hili.

Paa la kuficha lina madhara mengine ambayo hayasemwi: limeondoa mkono wa paa, zile sentimita 60 za bati zilizokuwa zinautoa ukuta kwenye mvua. Ukuta uliojengwa kwa kutegemea mkono wa paa sasa unapigwa moja kwa moja. Hiyo inatuleta kwenye kuta.

Ukuta umejengwa kwa nini?

Kutoka Iringa hadi Mbozi nyumba nyingi za miaka ya nyuma ni tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, si kwa saruji. Baadhi ni tofali mbichi kabisa. Zikishapigwa lipu, skimu na rangi ya silka, huwezi kuzitofautisha kwa macho na nyumba ya bloku. Muuzaji anaweza asidanganye, akasema tu "ni tofali za kuchoma", nawe ukajazia mwenyewe kwamba kiunganishi ni saruji.

Mahali pa kujua ni pale ambapo lipu haikufika: ukuta wa pembetatu ukiwa darini, nyuma ya kisanduku cha mita, stoo ya nje, jiko la zamani la kuni. Kwaruza kiungo kati ya tofali na tofali kwa bisibisi. Saruji hulia na kutoa mstari mweupe. Udongo hutoka kama unga, ukilowesha kidole unapaka. Jaribu na tofali lenyewe pia: lililoiva lina wekundu mzito na ukiligonga linalia; lile la ukingoni mwa tanuru, lisiloiva, lina rangi hafifu na ncha ya bisibisi hulichimba.

Nyumba ya tofali za kuchoma na udongo si ya kukimbia. Zipo zilizosimama miaka hamsini na zaidi. Inakaa vizuri ikiwa kavu juu na chini na ikiwa haijabebeshwa uzito ambao haikuandaliwa. Kasoro ni pale ukarabati unapoivunjia masharti hayo: mkono wa paa umekatwa, tenki la lita 1,000, ambalo likijaa lina uzito wa tani nzima, limekalishwa juu ya ukuta wa bafu, pevingi imepandisha uwanja hadi juu ya msingi, na ukuta umefunikwa kwa lipu ngumu ya saruji. Lipu hiyo haishikani vizuri na udongo. Inapata nyufa za nywele, maji yanaingia humo, hayatoki, na udongo ulio nyuma yake unalainika taratibu. Gonga ukuta kwa kishikio cha bisibisi, kila hatua moja, usawa wa kifua na usawa wa goti. Sauti ikibadilika kuwa tupu, lipu imeachana na ukuta.

Linta ni muhimu zaidi huku kuliko watu wanavyodhani. Mbeya ipo pale mikono ya Bonde la Ufa inapokutana, na tetemeko la Rukwa la Desemba 1910, lenye ukubwa wa takriban 7.4, ni miongoni mwa makubwa yaliyowahi kupimwa Afrika Mashariki. Linta kamili, yaani mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba nzima juu ya madirisha, hufunga kuta zisiachane kwenye kona. Nyumba nyingi za zamani zina linta za vipande tu, kila dirisha na lake, nyingine ni mbao. Ukiwa darini angalia kama zege linaonekana likizunguka. Kama halipo, usikubali kabisa wazo la kuongeza ghorofa baadaye, hata fundi akikuapia.

Nyufa nazo zina lugha yake. Ufa wa nywele unaotawanyika kama ramani ni lipu iliyokauka haraka, uache. Ufa unaotoka kona ya dirisha kwenda juu kwa mshazari, au unaopanda ngazi ngazi kufuata viungo vya tofali, ni ukuta uliosogea. Ukiwa chini ya milimita 2 na haupo upande wa pili wa ukuta, andika uendelee kuuchunguza. Ukiwa zaidi ya milimita 5, au unaonekana ndani na nje mahali pale pale, hapo unahitaji mhandisi, si fundi rangi. Nyufa zilizozibwa huonekana ukiweka tochi ubavuni mwa ukuta, mwanga ukitambaa: kovu la skimu hutokeza hata chini ya rangi tatu. Chora mistari miwili ya penseli kuvuka ufa, andika tarehe, piga picha yenye rula. Ukirudi mara ya pili utakuwa na cha kulinganisha. Bondeni kuelekea Usangu, kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba ukilowa, nyufa hupanuka kiangazi na kujibana masika. Zikizibwa kwa saruji wakati zimepanuka, mvua ikija ukuta hautakuwa na nafasi ya kurudi na utapasuka pengine.

Unyevu unaopanda kutoka chini huishia kwa kawaida ndani ya mita moja toka sakafuni. Ndiyo sababu ya kushuku kila kitu kilichobandikwa kwenye mita hiyo moja: tailizi ukutani sebuleni, mawe ya urembo nje, mbao za mapambo, rangi ya mafuta ya kahawia chini na nyeupe juu. Bandika nailoni ya sentimita 30 kwa 30 ukutani, selotepu pande zote nne, uiache saa 24 au hata 48. Matone yakiwa nyuma, upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, ni hewa ya chumba tu. Fanya hivyo vyumba viwili, kimojawapo kilicho upande wa mlima. Nje, pima kwa mkono: uwanja uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 angalau. Pevingi mpya iliyolingana na sakafu imeifukia dipisii, ile nailoni nzito inayolazwa juu ya msingi, na imeupa unyevu daraja la kuvukia.

Kiwanja chenye mteremko, na choo cha zamani

Isanga, Iganzo, Ilemi na mitaa yote iliyoegemea Loleza ina viwanja vilivyochongwa: upande mmoja udongo umekatwa, upande mwingine umejazwa. Nyumba ikikaa nusu juu ya ardhi ya asili na nusu juu ya kifusi, nusu ya kifusi hushuka. Weka gololi sakafuni vyumba vyote. Milango iangalie kwa chini: iliyokatwa upya kwa mshazari imefuata sakafu iliyoinama, au sakafu imepandishwa kwa kuweka tailizi juu ya tailizi. Ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba lazima uwe na matundu ya kutolea maji. Usipokuwa nayo, au yakiwa yamepakwa lipu ili upendeze, maji ya mlimani yatausukuma mpaka uinamie nyumba.

Uliza choo cha shimo cha zamani kilikuwa wapi. Viwanja vingi vya mjini vimekuwa na mashimo mawili au matatu kwa nyakati tofauti, na ukarabati ukiongeza chumba cha kulala chenye choo cha ndani, chumba hicho hujengwa kwenye nafasi iliyobaki wazi. Iliyobaki wazi mara nyingi ni pale palipokuwa na shimo. Likijazwa takataka na kifusi bila kushindiliwa, sakafu huanza kulia tupu na baadaye kuzama. Swali hili mwulize jirani wa miaka mingi. Mwamkie vizuri: "Shikamoo mama, tunataka kuwa majirani zako. Hivi choo cha zamani cha hapa kilikuwa upande gani? Na masika maji hupitia wapi?" Utapata habari ambazo dalali hana, pamoja na sababu halisi ya nyumba kuuzwa. Mjumbe wa mtaa naye anajua kama kuna mgogoro.

Bafuni, mwaga ndoo ya lita 20 sakafuni kwa mkupuo. Maji yaende yenyewe kwenye tundu. Yakituama kwenye kona, au yakitoka mlangoni, sakafu haina mteremko na kuipata ni kubomoa tailizi zote. Funga mabomba yote, soma mita ya maji, rudi baada ya saa moja. Tarakimu ikiwa imesogea kuna uvujaji ndani ya ukuta. Maji ya kwanza ya asubuhi yakiwa na rangi ya kutu, nyuma ya zile tailizi mpya kuna bomba za chuma za zamani, na koki za kisasa zimeunganishwa juu yake tu.

Fungua chemba zote. Kila choo kimwagiwe maji huku mtu amesimama kwenye chemba. Yakipita na kuisha, vizuri. Yakisimama, shimo limejaa au limeziba. Nyumba iliyokuwa na choo kimoja sasa ina vitatu, shimo ni lilelile: hesabu hiyo ifanye mapema.

Umeme, hewa, baridi

Soketi mpya nyeupe hazina maana kama waya ni wa zamani. Kipimo cha kawaida ni waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi. Baridi ya huku imefanya kila bafu liwe na shawa ya umeme, na shawa ya kilowati 5.5 huvuta karibu ampea 24. Inataka waya wa 4 na zaidi, bora 6, na breka yake peke yake. Iwashe dakika kumi ukiwa pale, kisha shika swichi yake na kifuniko cha breka. Kikiwa cha moto, waya ni mdogo au kiungo kimelegea. Zima kila kitu uangalie kitaa cha LUKU: kikiendelea kupepesa, umeme unavuja au kuna banda la jirani limeunganishwa. Bonyeza kitufe cha majaribio kwenye breka ya kinga, ile inayokata umeme ukivuja; isipokata, haikingi. Tafuta na kopa rodi nje, ile nondo ya shaba ya kupeleka umeme ardhini, uone waya wake haukukatwa wakati wa kupiga lipu.

Nyumba za zamani zilikuwa na matundu ya hewa juu ya madirisha. Wakarabati huyaziba ili ukuta uonekane safi, wanaweka alumini isiyopitisha hewa, na Julai mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani. Moshi usioonekana wa mkaa unaua watu waliolala. Matundu yarudishwe hata kama yanaharibu urembo. Nyumba za kikoloni za Uzunguni na za mashamba ya chai zenye dohani zina faida hapo, ila kagua pale dohani inapotoboa paa. Ndipo panapovuja kwanza.

Karatasi, na X iliyopakwa rangi

Hati yenyewe peleka upekuzi kwa Msajili wa Hati, usiridhike na nakala. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo, kwa hiyo mume na mke wote watie saini mbele ya wakili. Vyumba vilivyoongezwa vina kibali cha halmashauri? Mawe ya mpaka yaonyeshwe, maana ukuta mpya wa uzio unaweza kuwa umeyameza. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, hivyo nunua tokeni kidogo uone kama kuna deni linalokatwa.

Rangi mpya huficha pia alama ya X, ile inayopakwa kwenye nyumba ya kubomolewa. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 60, yaani 30 kila upande toka katikati, na kazi ya kupanua njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi imewakumbusha wengi. Nyumba iliyo karibu na TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, pima kwa futi kamba, kisha uliza TANROADS, wakala wa barabara. Mtoni nako sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka ukingo.

Pesa ya masika

Kama unanunua Septemba, huwezi kusubiri Machi. Unachoweza ni kupatana kwamba asilimia 5 hadi 10 ya bei ibaki kwa wakili mpaka Aprili 30. Muuzaji atalalamika. Mpunguzie kidogo kwingine, lakini kipengele hiki kibaki. Mkataba usiandike "nyumba iwe nzima", kwa kuwa kila mtu atatafsiri apendavyo. Utaje mambo kwa jina: paa na mifereji, nyufa zilizopigwa picha na tarehe zake, unyevu wa kuta za vyumba vilivyotajwa, chemba na shimo, ukuta wa kuzuia udongo. Picha ziambatishwe na kusainiwa pande zote mbili. Andikeni kwamba likitokea tatizo unamjulisha muuzaji kwa maandishi, ana siku 14 za kulitengeneza kwa fundi mnayekubaliana, na asipofanya, gharama zinatoka kwenye pesa iliyo kwa wakili kwa risiti. Kinachobaki analipwa Mei mosi.